Kupumua Mbele ya Mama Martin

Mtu akikwambia kupumua ni kazi rahisi, mwulize kama amewahi kupumua akiwa ameketi mkabala na Mama Martin. Mimi nimejaribu. Puani inaingia hewa, ikifika kifuani inageuka moto.

Jina langu ni Mwanamisi, ingawa wengi wananiita Mama Saumu. Kijiji chetu kiko Usambara, mbele ya Gare, pale ambapo dereva wa bodaboda anakuuliza mara mbili kama kweli unataka kufika. Tunalima karoti, kabichi na hoho. Maji yetu yanatoka kwenye ndiva, bwawa dogo la udongo walilolichimba mababu pembezoni mwa msitu. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi tunalizibua. Lina matundu mawili, kila moja limezibwa kwa gogo la mgomba na udongo wa mfinyanzi. Tundu la kushoto linapeleka maji kwa watu wa Juu, la kulia kwa watu wa Bondeni. Leo zamu ya hawa, kesho zamu ya wale. Utaratibu ni mzuri sana, shida ni watu.

Mimi ni wa Juu. Mama Martin, jina lake la ubatizo Scholastica, ni wa Bondeni. Tuliolewa kijijini hapa mwaka mmoja, tukafiwa na waume zetu tukiwa bado na nguvu, na katikati hapo tulilea watoto wetu kama wa nyumba moja. Sikukuu ya Idi anakuja kunisaidia kupika pilau, na lazima aikosoe. Krismasi naenda kumsaidia kukanda maandazi, na lazima niyakosoe. Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka kiangazi cha mwaka jana.

Mwaka ule maji yalipungua vibaya. Watu wa Bondeni wakasema sisi tunazibua ndiva kwenye zamu yao. Sisi tukasema wao ndio wanaozibua kwenye zamu yetu. Siku moja tukakutana wote barabarani, tunapakia mzigo kwenye lori la Tanga, maneno yakapanda, na kwa kuwa kilichokuwa mikononi mwa kila mtu ni kabichi, tukapigana kwa kabichi. Msicheke. Kabichi ya Lushoto si kitu cha kuchezea. Saidi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, ilimpata nyuma ya kichwa akaanguka chini, na alipozinduka akawa anaongea Kishambaa kitupu hata na mtendaji wa kata, ambaye ni Msukuma.

Katika vurugu ile Mama Martin akaniita mwizi wa maji mbele ya watu. Mimi nikamwambia karoti zake ni nyembamba kama mikia ya panya. Tangu siku hiyo hatukusalimiana tena, na kwetu jambo hilo si dogo. Kwetu asubuhi unamwambia mtu "Onga mahundo", naye anakuitikia, mnaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za kikohozi, ndipo kila mmoja anashika njia yake. Ukimpita mtu bila salamu, umemfukia akiwa mzima.

Sasa, Julai ya mwaka huu, nikiwa mashineni nasaga mahindi, nikasikia kwamba Mama Martin anahama. Mwanawe Martin amemwita Korogwe. Lori la Ijumaa litampitia, yeye na vyombo vyake. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, aende salama, huko kuna joto na mbu wa kutosha kumpokea. Nikajitwika unga wangu, nikafika nyumbani, nikaketi jikoni nikalia mpaka moto ukazimika. Kwanza nililia kwa hasira, halafu nikalia tu. Kwenda kumwambia asiende nikashindwa. Nilisema aanze yeye. Naye bila shaka alikuwa kwake anasema aanze yule.

Wiki hiyo hiyo wakatuletea mwalimu wa pumzi.

Inaonekana taarifa ya ugomvi wetu ilipanda kutoka kata hadi wilaya hadi sijui wapi, na kila ilipopanda ngazi iliongezewa uzito. Mpaka inafika kwenye shirika moja la mambo ya amani, kabichi zilikuwa zimeshaondolewa, yakabaki "mapigano makali ya kugombea maji". Shirika likamtuma Loveness, binti wa Moshi, mwembamba, mpole, ambaye alikuwa amefundisha watu kutulia kwenye kambi za wakimbizi. Alishuka garini Jumanne akituangalia kwa huruma, akatuamkia mmoja mmoja, mtoto mwenye adabu zake. Alipofika kwa Saidi akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, baba. Nimesikia ulijeruhiwa."

"Nilijeruhiwa, mwanangu."

"Kwa kitu gani, kama unaweza kunieleza?"

"Kabichi."

Loveness akakitazama kichwa chake. "Hiyo ni silaha ya huku?"

"Inategemea anayeirusha," Saidi akasema.

Mafunzo yalifanyika kwenye kiwanja cha nyasi chini ya ndiva, kwa sababu kiwanja kile si cha Juu wala si cha Bondeni. Saidi, kwa busara zake, akaamuru ndiva isizibuliwe kabisa mpaka mafunzo yaishe, ili asitokee mtu wa kusingizia zamu. Tukatandika magunia. Juu wakaketi kushoto, Bondeni kulia, Loveness katikati kwenye mkeka wake wa zambarau. Baridi ya Julai mnaijua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti.

"Tutaanza kwa kufumba macho," Loveness akasema.

Hakuna aliyefumba. Sisi tukasema tutafumba wakifumba wao. Wao wakasema hivyo hivyo. Loveness akatuomba tuhesabu wote mpaka tatu halafu tufumbe pamoja. Tukahesabu. Nikafumba jicho moja. Kwa lile jingine nikaona kiwanja kizima kimejaa watu wa jicho moja wanachunguzana.

Akasema basi, tuvute hewa kwa pua. Hapo napo pana jambo lake. Julai kijijini kwetu hakuna pua inayopitisha kitu. Ulisikika mkoromo ambao sijawahi kuusikia hata kwenye zizi. Loveness hakukata tamaa. Akasema anayeweza avute, aishikilie hewa kifuani kadiri anavyoweza, halafu aitoe kwa mdomo taratibu.

Lile neno "kadiri anavyoweza" ndilo lililoharibu. Watu wa Juu tukatazama watu wa Bondeni. Watu wa Bondeni wakatutazama. Hakuna upande uliokuwa tayari kutoa pumzi kwanza. Loveness alifumba macho yake akipumua zake kwa raha, hakujua kwamba mbele yake kuna mechi. Nyuso zikaiva. Mishipa ikasimama. Mama Martin mashavu yalikuwa yamejaa, ananitumbulia macho, nami namtumbulia yangu, na nakuapieni ningeweza kufa pale kuliko kutoa pumzi kabla yake. Aliyetuokoa ni Saidi. Alidondoka kifudifudi kwenye nyasi, upande wetu wote ukapumua kwa hofu, na Bondeni wakashangilia kwa vigelegele.

"Amani haina mshindi," Loveness akasema, huku akimpepea Saidi kwa kanga.

"Lakini mmeona wenyewe," wakasema Bondeni.

Jumatano ilianza vizuri kidogo. Tulikuwa tumefumba, kimya kimetanda, hata mimi nilianza kuhisi mabega yanashuka. Ndipo akafika Mzee Kornelio, mkubwa wetu kuliko wote, amechelewa kwa sababu mbuzi wake alikuwa anazaa. Tukamsikia anakohoa njiani. Sasa mtafanya nini? Mkubwa amefika. Wa mwanzo akasema shikamoo, macho yake yakiwa yamefumbwa vizuri kama alivyoagizwa. "Marahaba. Nani huyo?" Akajitaja. "Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mguu wa mama yako?" Akajibiwa habari za mguu. Akaenda kwa wa pili. Mzee Kornelio si mtu wa kumruka mtu, akazunguka kiwanja chote, Juu na Bondeni, kila mmoja shikamoo yake, kila mmoja mguu wa mama yake. Alipoketi jua lilikuwa limeshapanda.

Loveness akasema kwa upole kwamba kuanzia sasa, mtu akichelewa asisalimie wala asisalimiwe, aketi tu kimya na kuendelea na pumzi yake.

Watu wakafumbua macho, yote mawili. Mzee Kornelio akamtazama yule binti kwa masikitiko.

"Mwanangu," akasema, "kutosalimiana ndiyo vita yenyewe. Wewe umekuja kutuondolea au kutuongezea?"

Nilimwangalia Mama Martin, naye akawa ananiangalia. Sote wawili tukageukia milima.

Kurekebisha mambo, Loveness akatuambia tufumbe tena, atatupeleka kwa mawazo mahali penye utulivu. "Fikirieni maji," akasema kwa sauti laini. "Maji masafi. Yanatiririka taratibu…"

"Yanatiririka kwenda wapi?" sauti ikauliza kutoka kulia.

"Popote, baba. Yanatiririka tu."

"Popote hapana. Kushoto au kulia?"

"Jana mmeshinda kupumua, na maji ya mawazo pia mnayataka?" Saidi akafoka kutoka upande wetu, na ile siku ya pili ikaishia hapo, mkeka wa zambarau umekanyagwa na Loveness ameketi peke yake kwenye jiwe, anavuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo.

Ikafika Alhamisi, siku ya mwisho ya mafunzo. Kesho yake ndiyo lori.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipita karibu na nyumba ya Mama Martin, njia isiyo yangu kabisa, nikaona ndani kumebaki kutupu, hata kitanda hakipo tena. Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kubisha hodi. Nikasimama, nikajikohoza kidogo kama mtu anayepita, nikaondoka. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sikujua niielekeze kwa nani, nikaielekeza kwa karoti zangu, ambazo zilikuwa zimelala chini kwa kiu.

Kiwanjani jua lilitoka mapema. Sijui ni lile jua, sijui ni uchovu wa siku mbili, lakini siku hiyo watu walifumba kweli. Loveness akasema leo tutakaa kimya kirefu, asiwepo wa kuzungumza wala wa kunyanyuka. "Chochote mtakachokihisi mwilini, msikikimbie. Kama ni baridi, iwe baridi. Kama ni aibu, iwe aibu. Kitazameni tu, kitapita."

Kimya kikashuka. Nikafumbua jicho moja nimwone Mama Martin. Kila siku nilikuwa nafanya hivyo, wala sioni haya kusema. Gunia lake lilikuwa tupu.

Damu ikanipanda. Nikajua yuko wapi. Watu wote wamefumba macho, hakuna wa kulinda, na ndiva imejaa mpaka pomoni. Nani angeiacha nafasi hiyo? Nikavua kandambili, nikazishika mkononi, nikapita katikati ya majirani zangu waliokuwa wanapumua kama watoto wachanga, nikapanda juu kwa vidole vya miguu.

Nikamkuta ameinama kwenye ukingo wa kulia, kitenge amekifunga juu ya magoti, anavuta gogo la Bondeni kwa mikono miwili. Akaniona. Hakunisalimia, sikumsalimia. Kupiga kelele siwezi, watu wangefumbua macho na kuniuliza mimi nimefuata nini. Nikaenda ukingo wa kushoto, nikaanza kuvuta gogo letu.

Basi tukavuta. Yeye akiongeza nguvu, naongeza. Yeye akipumzika, napumzika. Tope likaanza kulia chini ya miguu. Ukingo wa katikati, kati ya matundu mawili, ulikuwa umelowa siku zote zile ndiva ilipofungwa, na sisi tulikuwa tumesimama juu yake kila mmoja na kisigino chake. Magogo yakatoka kwa pamoja. Mimi nikaanguka chali huku, yeye akaanguka chali kule, na ukingo wote ukaondoka katikati yetu. Maji hayakwenda kushoto. Hayakwenda kulia. Yalishika njia ya moja kwa moja kuteremka kiwanjani.

Tulikuwa tumezama kwenye tope mpaka kiunoni. Mama Martin alikuwa anahema vibaya, macho yamemtoka, mkono kifuani. Ana pumu tangu ujana wake. Nikasahau mambo yote.

"Kwa pua," nikamwambia. "Vuta kwa pua."

"Nyamaza," akasema. Lakini akavuta kwa pua.

"Toa kwa mdomo. Taratibu. Tena."

Akavuta tena. Tukapumua pamoja pale topeni mpaka rangi ikamrudia. Ilipomrudia tu, na hasira yangu ikarudi.

"Wewe kesho unahama," nikasema. "Maji ya nini?"

"Ya karoti."

"Karoti gani?"

"Nilizopanda juzi."

Nikamtazama. "Juzi? Mama Martin, karoti zinataka miezi. Mtu anayehama kesho anapanda karoti juzi?"

Akageuza uso. "Martin hajaniita," akasema. "Martin ana chumba kimoja na watoto kibao, angenilaza wapi? Lori nimeliagiza mwenyewe. Nilisema nahama nione nani atakuja kuniuliza."

"Na walikuja?"

"Walikuja wote. Bondeni walikuja. Watu wako wa Juu walikuja. Mzee Kornelio alikuja na fimbo yake, njia yote ile. Hata Saidi alikuja." Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akazidi kujichafua. "Wewe hukuja."

Moyo uliniuma kweli kweli, uliniuma mahali pale pale hewa inapokaa. Ndipo tukasikia kwamba huko chini hakusikiki chochote. Maji ya ndiva nzima yamewashukia watu, na hakuna hata mmoja aliyepiga ukelele.

"Tumewaua," Mama Martin akanong'ona.

Tukavutana kutoka topeni, tukateremka mbio, mkono kwa mkono, tukiteleza. Tulipofika kwenye kona ya njia tukasimama.

Watu walikuwa wameketi vile vile. Maji yalikuwa yanapita chini yao, yanawazunguka mapaja, yanabeba kandambili na magunia, na wao wamefumba macho, nyuso zimekunjamana, hakuna anayetikisika. Loveness mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya mkondo, kingo za mkeka wake zinaelea, meno yanagongana, anasema kwa sauti inayotetemeka, "Ki… kitazameni tu. Ki… kitapita."

Baadaye tulikuja kuelewa. Kila mmoja alidhani ni yeye. Kila mmoja alihisi unyevu chini yake, akakumbuka maneno ya mwalimu kwamba hata aibu usiikimbie, akaamua kutulia na aibu yake akiomba wenzake wasifumbue macho. Mzee Kornelio alitueleza kwamba yeye alishangaa kidogo kuona ni wa baridi, lakini akajiambia, ndiyo uzee huo, kila kitu kinapoa. Na Loveness alituambia kuwa alidhani amefika ile hatua ambayo walimu wake walikuwa wanaisimulia, ambapo mtu anahisi yeye na mto ni kitu kimoja.

Huenda wangekaa hivyo mpaka adhuhuri. Lakini maji yalipitia kwenye lundo la kabichi zilizosubiri lori, yakazikusanya, na ya kwanza kufika ikaja inaelea taratibu ikamgonga Saidi mgongoni.

"Wameanza!" Saidi akaruka wima.

Macho yakafumbuka. Loo! Makelele yaliyotokea hapo yalisikika Magamba. Watu waliruka, wakateleza, wakashikana, mtu wa Juu anamnyanyua wa Bondeni bila kujua anamnyanyua nani. Kisha mmoja akainua kichwa akatuona sisi wawili pale konani, tope mpaka kifuani, tumeshikana mikono. Wote wakatugeukia. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, Juu na Bondeni walikuwa na neno moja mdomoni.

"Nani amezibua?" Saidi akanguruma.

Mama Martin akaniachia mkono. Akasogea mbele, kidevu juu, kama ninavyomjua.

"Mimi," akasema. "Na msinisumbue. Kesho nawaondokea, mtabaki na ndiva yenu."

Nilijua hapo hapo kwamba ataondoka kweli. Namjua yule mwanamke. Ameshasema mbele ya watu, basi angepanda lile lori kesho kwa ukaidi mtupu, aende akalale sakafuni kwa Martin, na angekufa kabla ya kukubali kwamba hakutaka kwenda. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikavuta hewa kwa pua. Nikaishika. Nikaitoa kwa mdomo.

"Haondoki," nikasema.

"Nani kasema?" akageuka kwa ukali.

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mbele ya Juu na Bondeni na mgeni kutoka Moshi.

"Kama mwenzio," nikasema. "Magogo tumeyavuta wote wawili, watu wajue. Na kwako nilikuja. Nimekuja leo asubuhi, nikasimama mlangoni. Niliogopa nikibisha hodi utanitazama usiniitikie, na hilo nisingeliweza. Usiende, Mama Martin. Nakuomba."

Sauti ilinikatika mwishoni, wala sikuificha. Maji yalikuwa yanamalizikia kwenye nyasi.

"Kitanda nimeshauza," Mama Martin akasema.

"Utalala kwangu."

"Na meza nimeuza."

"Utakula kwangu."

"Wewe pilau yako haina chumvi."

"Utapika wewe!"

Akaanza kulia, nikaanza kulia, na Loveness, ambaye alikuwa ameloa chapachapa na anatetemeka kwa baridi, akalia kuliko sisi wote. Mzee Kornelio akavua koti lake akamvisha. Saidi, kama mwenyekiti, akaokota kabichi moja majini akampa mwalimu, aende nayo Moshi.

Ijumaa lori lilipofika likakuta kijiji kizima kiko kwenye ndiva. Ukingo unajengwa upya, Juu wanachimba udongo, Bondeni wanaukanyaga, na wote kwa pamoja wanatusema mimi na Mama Martin, tuliopewa kazi ya kubeba mawe. Sidhani kama ile ni amani ya kwenye mafunzo. Lakini watu walikuwa wanasemezana. Zamu zikaanza upya Jumapili, na wakaanza Bondeni, na nasema wazi kwamba sikufurahi.

Mama Martin alihamia kwangu jioni ya Ijumaa ile ile na sufuria zake. Ni kwa muda mfupi tu, akasema, mpaka kitanda chake kipya kitengenezwe. Kitanda changu ni chembamba. Anajivutia blanketi lote, anakohoa, anaongea usingizini kwa sauti ya kukosoa, na alfajiri ananiamsha aniulize kama nimeamka.

Wiki chache baadaye fundi seremala akaja mlangoni kusema kitanda kiko tayari. Mama Martin alikuwa shambani kwenye karoti zake. Nikamwambia fundi nitampa taarifa, na sikumpa. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho. Mwishoni nikaona haya, nikaenda mwenyewe kwa fundi, nimwombe anikalie nacho hata mwezi mmoja, asiseme.

Fundi akacheka. "Mama Saumu, kile kitanda hakipo. Mama Martin alikuja zamani, akakilalia, akakisifu sana, akaniambia nikiuze kwa mtu mwingine na nisikwambie."

Nikarudi nyumbani. Alikuwa jikoni, anatia chumvi kwenye mboga yangu. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia nilikuwa natembea tu, nikaketi karibu naye kwenye moto.